Jina la Waprotestanti halikuzaliwa mlangoni mwa kanisa

Wengi tumefundishwa kwamba Waprotestanti waliitwa hivyo kwa sababu Martin Luther, mtawa wa Kijerumani, alimpinga Papa mwaka 1517 kwa hoja zinazosemekana alizibandika mlangoni mwa kanisa. Sivyo. Jina hilo lilikuja miaka 12 baadaye, katika mji wa Speyer, Ujerumani, na Luther hakuwepo.

Mwaka 1526 baraza la Dola Takatifu la Kirumi, ambalo Ujerumani ilikuwa sehemu yake, likikutana mji huohuo, lilikubaliana kwa kauli moja kwamba kila mtawala aendeshe mambo ya dini katika eneo lake kwa namna ambayo angeweza kuijibia mbele ya Mungu na Kaisari. Mwaka 1529 wingi wa kura ukaufuta uamuzi huo. Tarehe 19 Aprili watawala waliokataa kufutwa huko, wale waliofuata mafundisho ya Luther, wakatoka kwenda chumba cha pembeni kushauriana. Waliporudi, Ferdinand, aliyekuwa akimwakilisha kaka yake Kaisari Charles V, alikuwa ameshaondoka. Pingamizi lao likasomwa hivyohivyo. Watawala sita na miji 14 waliliunga mkono.

Hapa ndipo penye uzito, na nasikitika kwamba husahaulika. Hayakuwa maandamano wala matusi. Ilikuwa hatua ya kisheria: jambo lililopitishwa na wote haliwezi kufutwa na baadhi, na katika mambo ya wokovu kila mtu atasimama peke yake mbele za Mungu, basi kura za wengi hazimfungi. Hata neno lenyewe la Kilatini, protestari, maana yake ni kutamka hadharani, kushuhudia.