Viatu vya baleti havina mbao wala chuma

Wengi huamini kwamba mchezaji wa baleti anayesimama juu ya ncha za vidole ana kipande cha mbao au chuma mbele ya kiatu. Hakimo.

Sehemu inayofunika vidole hujengwa kwa tabaka za kitambaa cha gunia, turubai na karatasi zilizopakwa gundi ya wanga. Kiatu hushonwa ndani nje, hugeuzwa, hupigwa nyundo kupata umbo, kisha huingizwa kwenye joko gundi ikauke. Chini ya wayo hupita kipande chembamba kigumu cha ngozi au kadibodi, na juu ni satini. Watengenezaji wachache, kama Gaynor Minden, hutumia plastiki.

Gundi hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini viatu havidumu. Joto na jasho la mguu huilainisha, ncha inalegea, na mchezaji anaanza kuzama ndani ya kiatu. Hapo vidole na kifundo huumia. Mchezaji mkuu anaweza kumaliza jozi nzima katika onyesho moja. Jozi mpya nayo haivaliwi ilivyo: hushonewa utepe na ukanda wa mpira, kile kipande cha chini ya wayo hukunjwa mahali unapopinda mguu, ncha hupigwa darizi ya uzi mzito ili isiteleze.

Kiatu hakimsimamishi mtu. Kazi hiyo ni ya misuli ya wayo, kifundo, mguu na kiuno, na ndiyo maana mtoto hufundishwa miaka kadhaa kwa viatu laini kabla ya kuruhusiwa kuvaa hivi vya kusimamia ncha za vidole, kwa kawaida akiwa na miaka 11 au 12.