Je, wajua kwa nini kompyuta ya ukubwa wa kadi ya benki huonyesha filamu bila kukwama?

Anayetaka kuweka kompyuta chini ya runinga iwe ghala la filamu, muziki na picha za familia, kwa kawaida huanza kutafuta mashine yenye nguvu. Lakini mwaka 2012 ilitoka Raspberry Pi, kompyuta ya ukubwa wa kadi ya benki, prosesa yake megahezi 700 tu, na ikaonyesha filamu za 1080p bila kusuasua. Kazi hiyo ilikuwa imezishinda kompyuta nyingi za mezani za muongo uliotangulia. Iliwezaje?

Tuanze na filamu yenyewe. Picha moja ya 1080p ina pikseli (vinukta vya rangi) 1920 kwa 1080, yaani zaidi ya milioni mbili. Kila pikseli ikichukua baiti 3, picha hiyo ni megabaiti 6 hivi. Filamu hupitisha picha 24 kila sekunde, kwa hiyo ni karibu megabaiti 150 kwa sekunde, na filamu ya saa mbili ingejaza diski nzima ya terabaiti 1. Ndiyo maana filamu hubanwa. Kodeki, yaani mbinu ya kubana video na kuifumua tena, iitwayo H.264, iliyotoka mwaka 2003, huhifadhi picha kamili mara mojamoja tu. Kwa picha zilizo katikati, hueleza kilichosogea na kilichobadilika. Mtu akipita mbele ya ukuta, ukuta hauandikwi upya. Kwa ujanja huo filamu hubaki gigabaiti chache.

Mzigo unakuja wakati wa kuifumua. Prosesa ya kawaida huifanya kazi hiyo kwa kufuata maelekezo ya programu hatua kwa hatua. Inapata joto, feni inavuma, na ikichelewa picha inaganda. Raspberry Pi ilikuwa na saketi iliyochongwa ndani ya chipu kwa ajili ya kufumua video peke yake. Kwa kuwa haijui kazi nyingine, huimaliza upesi na kwa umeme kidogo sana.

Udhaifu wake unatoka hapo hapo. Saketi hiyo hufumua kodeki ilizoundwa nazo tu. Raspberry Pi ya kwanza haikuwa na saketi ya H.265, kodeki ya mwaka 2013 inayobeba filamu nyingi za 4K, zenye pikseli mara nne ya 1080p. Raspberry Pi 4 ya mwaka 2019 inayo. Basi kabla ya kuuliza RAM (kumbukumbu ya muda) ni ngapi, uliza chipu inafumua kodeki zipi. Kwa maoni yangu hakuna swali muhimu kuliko hilo, na wengi hulikumbuka wakiwa wameshalipa.

Kuna mkwamo mwingine ambao chipu haina kosa. Runinga nyingi hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde, na 60 haigawanyiki sawasawa kwa 24. Kwa hiyo picha moja huonyeshwa mara mbili na inayofuata mara tatu, na kamera inapopita polepole juu ya mandhari unaona kama inajikwaa. Kodi, programu ya kuonyesha filamu iliyozaliwa kwa ajili ya Xbox, mashine ya michezo ya video, na kupewa jina hilo mwaka 2014, ina mpangilio wa kuifanya runinga ifuate mwendo wa filamu. Uwashe mwenyewe, maana huja ukiwa umezimwa.

Mengine ni mepesi. Filamu zikae folda moja na tamthilia folda nyingine, na kila faili libebe jina la filamu na mwaka wake, ili programu isichanganye filamu mbili zenye jina moja inapotafuta picha za jalada. Diski ya nje yenye mfumo wa kupanga faili wa FAT32 hukataa faili linalofika gigabaiti 4, kwa hiyo tumia mfumo wa exFAT. Faili za 4K ni nzito, na waya wa mtandao huzibeba kwa utulivu kuliko Wi-Fi.

Huenda usihitaji kibodi sebuleni. Waya wa HDMI hupitisha pia amri za rimoti ya runinga kwa njia iitwayo CEC, mradi kompyuta yenyewe iwe nayo. Raspberry Pi inayo, kompyuta nyingi za mezani hazina. Kwenye mipangilio ya runinga huenda usilione jina CEC: Samsung huiita Anynet+, na LG huiita SimpLink.