Saa moja ya rangi ina thamani gani?

Wanaoniita niwasaidie kupanga uzalishaji mara nyingi huja na jibu mkononi: tunataka kuongeza mafundi. Sawa, lakini mafundi wa kazi gani? Hapo ndipo hesabu yangu inapoanzia: upangaji wa mstari (linear programming), yaani kutafuta mchanganyiko wa kazi unaoleta faida kubwa zaidi kwa saa ulizonazo.

Tubuni karakana ya samani yenye bidhaa mbili tu. Kabati moja hula saa 4 za useremala na saa 1 ya rangi, faida yake 60. Meza hula saa 2 za useremala na saa 1 ya rangi, faida 40. (Fedha ya nchi gani, haijalishi.) Kwa wiki zipo saa 160 za useremala na saa 60 za rangi.

Mwenye haraka atasema kabati ndilo lenye faida nono, basi tutengeneze makabati matupu. Useremala utaishia kwenye kabati la 40, faida 2,400, na wapaka rangi watakuwa na saa 20 za kupiga soga. Mjanja zaidi atagawanya faida kwa saa za useremala, aone meza inashinda kwa 20 dhidi ya 15, atengeneze meza 60. Anapata 2,400 ileile! Safari hii maseremala ndio waliokaa bure saa 40. Kumbe makabati 20 na meza 40 humaliza saa zote na kuleta 2,800, na hakuna mchanganyiko mwingine unaoipita.

Kwa bidhaa mbili, penseli na karatasi ya mraba vinatosha. Kwa mia tatu, unahitaji mbinu. Mwanahisabati wa Kisovyeti Leonid Kantorovich aliikaribia mwaka 1939 huko Leningrad, baada ya kuulizwa namna ya kugawa kazi kwenye mashine za kiwanda cha plaiwudi. Mwanahisabati George Dantzig, akifanya kazi na jeshi la anga la Marekani, alitoa njia ya simpleksi, yaani hatua za kuhesabu zinazoufikia mpango bora, mwaka 1947. Tuzo ya Nobel ya uchumi ya 1975 ilikwenda kwa Kantorovich na mwanauchumi Tjalling Koopmans; Dantzig akaachwa, jambo ambalo mpaka leo sijalielewa. Siku hizi hata Excel ina Solver, zana ya kufanya hesabu hizi, ndani yake, na karakana yetu itaimaliza kufumba na kufumbua.

Ila mimi mpango wenyewe huutazama kwa jicho moja tu. Jicho la pili liko kwenye kile tunachokiita bei kivuli, yaani faida inayoongezeka ukipata saa moja zaidi ya kitu fulani. Ongeza saa ya 61 ya rangi: unapunguza kabati moja, unaongeza meza mbili, faida inakuwa 2,820. Saa hiyo ina thamani ya 20. Fanya hivyo kwa useremala na utapata 10 tu. Kwa hiyo yule ambaye angetaka kuajiri seremala kwa sababu useremala ndio unaokula saa nyingi alikuwa anagonga mlango usio wake. Thamani hiyo ina kikomo, lakini: rangi ikifika saa 80, karakana inatengeneza meza tupu, na saa ya 81 haileti kitu.

Sasa upande unaonitoa jasho. Kompyuta hutii ulichoandika, haijui ulichokusudia. Dantzig mwenyewe yalimkuta alipotaka kupunguza uzito akaiachia kompyuta impangie chakula, lengo likiwa ashibe kwa vyakula vizito visivyo na maji mengi. Ikamwandikia galoni 500 za siki kwa siku. Kwenye data zake siki ilihesabiwa kuwa haina maji, na hakuna mahali alipoandika kwamba binadamu hanywi siki kwa mapipa.

Kila biashara ina siki yake. Mashine ambayo haizimwi na kuwashwa mara tatu kwa siku, mteja ambaye mzigo wake haucheleweshwi hata ikibidi kupata hasara. Hayo hayamo kwenye daftari lolote; yamo vichwani mwa watu. Kwa hiyo mpango wa kwanza siupeleki kwa mkurugenzi. Nampelekea msimamizi wa zamu, nakaa kimya. Akicheka, namwuliza kinachomchekesha, kisha nafungua faili na kuongeza mstari wa sharti hilo.