Mzee akirudia hadithi zilezile, mpe daftari

Zamani wataalamu wengi wa afya ya akili walimchukulia mzee anayezungumzia mno mambo ya kale kama mtu ambaye akili imeanza kumchoka. Mwaka 1963 daktari mmoja wa Marekani, Robert Butler, akaandika makala kupinga mtazamo huo. Alieleza kwamba kuyapitia upya maisha ni kazi ya kawaida ya uzee. Ikienda vizuri, mtu hutulia. Ikikwama, huzaa majuto na hata sonona.

Mimi ni mnasihi wa wazee, na huko kukwama ndiko kunakonifanya nipende daftari kuliko maongezi ya barazani. Barazani kisa huja na maneno yaleyale kila siku, na wasikilizaji wanajua mahali pa kucheka. Kalamu inadai zaidi. Nilikuwa na umri gani? Nani mwingine alikuwepo? Kwa nini nilikubali? Nimemwona mstaafu aliyemlaumu baba yake miaka yote kwa kumwachisha shule. Alipofika kuandika ukame wa 1974 ilibidi ataje unga wa njano, ule walioubandika jina la yanga, na ng'ombe waliouzwa mmoja mmoja mpaka zizi likabaki tupu. Lawama yake haikuisha, ila ilipungua makali.

Msianze na "nilizaliwa". Watu wazima wakiombwa kukumbuka maisha yao, matukio mengi huwa ya kati ya umri wa miaka 10 na 30. Kwa Mtanzania aliyezaliwa 1950, hiyo ni 1960 hadi 1980: Uhuru, Azimio la Arusha, kuhamia vijiji vya ujamaa, Vita vya Kagera. Hata hivyo usimuulize habari za Azimio, atakupa hotuba. Muulize viatu vyake vya kwanza vilinunuliwa wapi, au nani alimfundisha kazi.

Kuna utaratibu mzuri ulioasisiwa Marekani na James Birren, mwanasaikolojia wa uzee. Kila mmoja huandika kurasa kama mbili juu ya mada moja, mathalani familia, fedha au afya, kisha huwasomea wenzake katika kikundi kidogo. Kwa maoni yangu huko kusomeana ni nusu ya dawa. Mstaafu aliyezoea kuitwa mwalimu au fundi mkuu, na sasa simu yake hailii, anapata tena watu wanaosubiri neno lake.

Asiyejua kuandika asimulie, mjukuu arekodi kwa simu, aandike kwenye kaunta buku, kisha amsomee bibi alichoandika. Asimrekebishie lugha. Na "Babu, si 1976, ni 1978" iwekwe kiporo. Nimeona sentensi hiyo ikifunga daftari moja kwa moja.

Tusizidishe sifa, lakini. Tafiti zinaonyesha kwamba kuyapitia maisha kwa mpangilio hupunguza dalili za sonona kwa wazee wengi, ila si tiba ya ugonjwa wa kusahau. Aliyepitia vita au kufiwa na watoto asisukumwe kuandika hayo. Akianza kukosa usingizi au kususa chakula, kalamu ipumzike, aonane na mtaalamu.

Halafu kuna lile ambalo familia hazisemi waziwazi. Mzee akionekana anaandika kila jioni, watoto huanza kunong'onezana kuhusu shamba. Wengine hulichungulia daftari akiwa msikitini au kanisani, naye akigundua huacha kabisa. Muulizeni mapema nani atasoma na lini. Wapo wanaotaka lifunguliwe wakishazikwa. Basi lifungiwe sandukuni, asibughudhiwe. Mambo ya shamba na nyumba yaandikwe kando, kwenye wosia wenye mashahidi.