Je, Wajua Kwa Nini Gari la Moshi la Zamani Lilisimama Kila Mara Kunywa Maji?

Mfungulie mtoto kitabu cha picha kuhusu safari za reli za zamani, na kidole chake kitakimbilia injini: magurudumu makubwa, taa ya mbele, moshi mzito. Mwache ashangae mpaka atosheke. Kisha mwonyeshe kitu kilichochorwa pembeni ambacho wengi hukipita: tangi la maji lililoinuliwa juu ya nguzo, bomba lake likining'inia kando ya reli. Mimi huanzia hapo, kwa sababu ukilielewa tangi lile umeielewa safari yenyewe.

Ndani ya injini ya mvuke, moto wa kuni au makaa ya mawe huchemsha maji. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hujaza nafasi ya takriban lita 1,600. Ukiubana mvuke huo ndani ya chuma, utatafuta pa kutokea. Ukielekezwa kwenye silinda, yaani bomba nene la chuma, husukuma pistoni, kizibo kinachokwenda mbele na nyuma ndani yake; pistoni husukuma fimbo, na fimbo huzungusha gurudumu. Uzuri wake ni kwamba kwenye injini nyingi fimbo hizo ziko nje, ubavuni mwa injini, hivyo mchoro mmoja unamtosha mtoto kufuata nguvu kwa kidole mpaka kwenye gurudumu. Treni ya umeme imeficha kila kitu tumboni.

Sasa mwulize: mvuke ukishasukuma, unakwenda wapi? Unatoka kwa dohani pamoja na moshi, na ule mlio wa chaka-chaka-chaka ndio sauti ya kutoka kwake. Maji hayarudi. Ni kama sufuria ya maharage isiyo na kifuniko: usipoongeza maji, yanakauka. Ila kwenye injini hatari yake ni kubwa mno. Maji yakishuka chini ya kiwango, bati lililo juu ya moto hupata joto kupita kiasi, hulegea, na injini inaweza kulipuka na kuua. Ndiyo maana mchochea moto hakuacha kutazama kijibomba cha kioo kilichoonyesha maji yamefika wapi.

Kwa hiyo maji ndiyo yaliyopanga safari. Huko Marekani, tarehe 10 Mei 1869, reli kutoka mashariki na ile ya magharibi ziliungana Promontory Summit, Utah. Safari iliyowachukua watu miezi kadhaa kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe sasa ilimalizika kwa takriban wiki moja. Lakini katikati kulikuwa na jangwa la Nevada, na penye ukame maji yenyewe yalibidi yasafirishwe kwa treni. Miji midogo ilichipuka penye matangi. Abiria nao walishuka vituoni kula mbiombio, kwa kuwa treni nyingi za siku zile hazikuwa na behewa la chakula.

Afrika Mashariki pia ina hadithi hii. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipita nyika kavu ya Taru, ambako maji ya wajenzi yaliletwa kwa treni. Mwaka 1899 ikafika mahali ambapo Wamaasai walipaita Enkare Nairobi, yaani maji baridi. Palikuwa na maji na uwanda ulio sawa kabla ya kupanda milima, na kambi ya reli iliyowekwa hapo ndiyo iliyozaa jiji la Nairobi.

Mkimaliza kitabu, mpe mtoto karatasi achore gari la moshi lake. Mara nyingi atachora injini na mabehewa ya abiria basi. Mwulize tu, "Maji yake yako wapi?" Atarudi kwenye karatasi kuchora lile behewa fupi linalofuata injini, makaa katikati na maji yakiyazunguka.