Mkono Uliozibwa Damu: Dhana Potofu na Ukweli

Mkono ukifa ganzi, Nairobi haikosi maelezo: umeulalia, umepigwa na baridi, ni upepo wa dirisha la matatu. Mara nyingi ni hivyo kweli, na hapo ndipo mtu hujisahau.

"Uchuliwe kwa mafuta ya moto, utaachilia."
Mkono mmoja ukiuma ghafla, ukapauka, ukawa baridi kuliko mwenzake na mpigo usisikike kwenye kifundo, huenda ateri, yaani mshipa unaoleta damu kutoka moyoni, imezibwa na donge la damu. Kuchua hakuliondoi, na maji ya moto huunguza ngozi isiyohisi. Misuli iliyokosa damu kabisa huanza kufa baada ya muda wa saa sita hivi. Ukizimaliza kwa mchuaji kisha kwenye foleni ya Thika Road, hakuna daktari wa kukurudishia.

"Ukiingia thieta watakukata mkono."
Wanaokatwa ni hasa waliochelewa. Kwa kawaida mgonjwa huanzishiwa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kisha daktari wa mishipa hupasua kidogo karibu na kiwiko, mara nyingi kwa sindano ya ganzi tu, mgonjwa akiwa macho. Katheta, yaani mrija mwembamba wenye puto, hupitishwa hadi ng'ambo ya donge, puto hujazwa, donge likavutwa nje. Thomas Fogarty wa Marekani aliibuni katheta hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1960, na bado inatumika. Damu ikirudi, misuli iliyonyimwa damu muda mrefu huvimba na inaweza kujibana. Daktari basi huufungua mkono kwa mkato mrefu. Ndugu wakiuona huja juu. Umepasuliwa makusudi, ili kuokoa misuli.

"Donge limetoka, nimepona."
Madonge mengi ya mkono hutoka moyoni, penye mapigo yasiyo na mpangilio au vali mbovu. Usipochunguzwa moyo na kumeza dawa za kuzuia damu kuganda, linalofuata laweza kupanda ubongoni.

"Ateri ikiziba, lazima upasuaji."
Si lazima. Ikiziba polepole, hasa ile ya chini ya mtulinga upande wa kushoto, damu hujitafutia vichochoro. Wengi huhitaji kuacha sigara na kutibiwa presha, sukari na kolesteroli. Fundi rangi ambaye mkono humchoka kila akipaka dari, au anayeona kizunguzungu akiutumia, anaweza kuwekewa stenti, kijibomba cha kuupanua mshipa, au kuunganishiwa njia mpya kutoka ateri ya shingo.

Kliniki nyingi hupima presha mkono mmoja. Omba na wa pili: namba za juu zikipishana kwa 15 au zaidi, muulize daktari kwa nini.