Marudio ya utenzi si kujazia mizani

Juzi tena nimeletewa uchambuzi wa utenzi unaoishia hivi: mizani nane, vina vinatiririka, marudio yametumika kujazia mizani. Basi, kazi imekwisha! Hilo la mwisho ndilo linalonikera, na nimechoka kulisoma.

Mizani kwanza, yaani silabi za kila mshororo, upesi. Ubeti huu nimeutunga kwa ajili ya mfano:

Akenda mtu porini
Mkuki u mkononi
Mbwa wake yu mbioni
Njaa imewaingiya

Hesabu kwa sikio, si kwa jicho. "Mbwa" ni mizani mbili, m-bwa, ilhali "mbi" ya "mbioni" ni moja tu. Na "labda" je? Mimi huihesabu tatu, lakini wapo wanaoifinya ikawa mbili na bado ikaghanika vizuri. Hapo sina kanuni. Nasikiliza mishororo jirani, kisha naamua.

Sasa marudio. Kina cha "ni", yaani mlio unaofunga mishororo mitatu ya kwanza, kitabadilika ubeti ujao, ila "ya" ya mwisho itarudi mpaka utenzi ukome. Utendi wa Tambuka, alioutunga Bwana Mwengo wa Pate mwaka 1728, una beti zaidi ya 1,000. Mtu aliyeweza kazi hiyo alikosa maneno ya kujazia? Utenzi wa kisa hutungwa ughaniwe, na msikilizaji hana ukurasa wa kurudi kuutazama. Kituo, yaani mshororo wa mwisho wa ubeti, kikilia, anajua ubeti umefungwa na tukio jingine linakuja.

Tuseme ubeti unaofuata unaanza, "Njaa ilipowashika". Mwanafunzi ataandika "takriri", yaani neno limerudiwa, na kupita. Ngoja kidogo! Njaa ni ile ile, lakini kitenzi kimesogea: mwanzo ilikuwa hali yao, sasa imekuwa sababu ya watakalotenda. Kisa kimepiga hatua ndani ya neno lililorudiwa.

Ujazo upo, sikatai. "Kwa yakini" na "nawambia" hupachikwa mwishoni mwa mshororo ili kina kipatikane. Kipimo changu ni kuliondoa neno na kusimulia kisa kwa nathari, yaani kwa maneno ya kawaida yasiyo shairi. Kisipopungukiwa, neno hilo ni la kujazia. Hata hivyo kipimo hicho kimewahi kunipotosha. Niliihukumu "nawambia" moja kuwa ni ujazo mtupu, kisha nikausikia utenzi wenyewe ukighaniwa. Mghani alifika kwenye neno lile akashusha sauti, akanyamaza kidogo, ndipo akaitoa habari ya kifo. Nilikwenda kuufuta uchambuzi wangu.